Meza Mbili za Choo

Jumanne, 14 Januari 2025

Nimelipa. Kodi ya miezi mitatu mbele, na risiti nimeibandika nyuma ya daftari hili nisije nikaitafuta siku ya ugomvi. Ni chumba kimoja kirefu katika jengo la mawe la zamani, si mbali na Barabara ya Uganda, hapa Eldoret. Kilikuwa cha fundi cherehani, kikawa cha mitumba, kikawa cha kufuli. Hatua 19 kutoka mlango wa mbele hadi ukuta wa nyuma. Kichwani nimeshapanga meza nane na wateja wameshakaa.

Mzee mwenye jengo alipokuwa akinipa ufunguo nikamuuliza choo kiko wapi. Akanyoosha kidole uani bila kugeuza shingo. Mlango wa bati, kufuli, maduka manne, ufunguo mmoja. "Choo kipo, mama," akasema. Kipo kweli. Hata Mlima Elgon upo.

Jumatatu, 20 Januari

Nilikwenda kuulizia leseni ya kuuza chakula nikidhani nitaulizwa habari za sufuria. Madam wa afya ya umma aliandika jina langu, akaweka kalamu chini. "Watu wako watanawia wapi?" Nikamwambia kuna choo uani. "Cha nani?" Cha jengo. "Basi si chako."

Akanihesabia kwa vidole, bila karatasi. Wanaume kwao, wanawake kwao. Wapishi wasipange foleni na wateja. Mlango wa choo usifungukie jikoni. Dirisha, au bomba la kutoa hewa. Maji yanayotiririka, si ya ndoo na kata. Sabuni. Tangazo la kunawa mikono, lisomeke. "Nitakuja kuona choo kabla sijaona jiko." Nilicheka nikidhani ni mzaha. Hakucheka.

Usiku nimezisoma sheria zenyewe kwa simu hadi chaji ikaisha. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, mizizi yake ni ya 1921, enzi Eldoret ikiwa ya mikokoteni ya ng'ombe. Kanuni za Usafi wa Chakula ni za 1978. Zinaandika kama mtu anayenusa: harufu isipenye, chumba cha chakula kisipakane na choo mlango kwa mlango, tangazo la kunawa libandikwe mahali pa kuonekana. Ninavyozielewa, hofu yake kubwa si ya mteja aliyebanwa. Anayeogopwa ni mpishi anayerudi kutoka huko. Na ni haki aogopwe. Najua mimi nilivyokuwa nikirudi.

Alhamisi, 23 Januari

Nilianza kuliandika hili juzi nikalikata. Leo naliandika, maana hakuna anayesoma daftari hili ila mimi.

Shule ya binafsi niliyokuwa nikifundisha Kiswahili ilifungwa mwaka wa korona na haikufunguliwa tena. Katikati ya 2020 nikaanza chapati na maharagwe karibu na steji. Tangu hapo sikunywa maji mchana. Kikombe nusu cha chai saa kumi na moja alfajiri, kisha mdomo mkavu hadi jioni. Choo cha kulipia kilikuwa steji, shilingi kumi kuingia, na ukiondoka, maharagwe yanaungua na chapati mbili zinatoroka. Nilikuwa nakwenda mara moja, saa nane, mbio, narudi mbio. Maji yangu ya kunawa yalikuwa yale ya mtungi wa lita 20, yaliyotakiwa pia kuosha vikombe. Siku mtungi ulipokuwa karibu kuisha, vikombe vilipata maji kwanza. Sitaandika zaidi ya hapo. Mwaka 2023 nilipata maumivu ya kiuno nikaambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, na daktari akaniuliza kwa nini sinywi maji. Nilimwambia nasahau.

Wateja nao: "Mama, choo?" Nilinyoosha kidole bila kugeuza shingo, kama mzee.

Na cheti cha afya je? Anayeshika chakula cha watu hupimwa kila miezi sita. Unapewa kikopo, unakwenda, unakileta kimefungwa ndani ya karatasi nyeusi kana kwamba humo mna dhahabu. Kiswahili kina neno moja kwa yote mawili: choo ni kile, na choo ni pale. Kwa miaka minne na nusu Serikali iliniomba choo changu mara tisa, ikakichunguza, ikakipiga muhuri. Vyeti tisa ninavyo. Hakuna aliyeniuliza choo changu kiko wapi.

Huyu madam ndiye wa kwanza. Pengine ndiyo maana sijamkasirikia.

Jumatatu, 3 Februari

Siku ndefu, na nzuri.

Nilitaka vyoo mbele, kushoto mwa mlango, ili jiko lipate nyuma yote. Fundi wa mabomba hakubishana nami. Alifungua menholi kwenye kichochoro cha nyuma, akateremsha futi yake, akarudi akaokota kipande cha mkaa akaandika ukutani: 1 kwa 40. Bomba la inchi nne, anasema, lataka kushuka sentimita moja kwa kila sentimita 40 za mwendo. Ukililaza, uchafu nao unalala. Ukiliinamisha mno, maji yanakimbia yanaacha mzigo nyuma. Kutoka pale mbele hadi menholi ni mita 14, kwa hiyo kushuka sentimita 35. Kutoka nyuma ni mita sita, sentimita 15. Na menholi yetu ni fupi. Ukianzia mbele, bomba langu litafika chini kuliko lile la mji linalolipokea. "Maji taka hayapandi ngazi, mathe."

Basi vyoo vimechagua pao, na jiko, kaunta na meza zitajipanga kufuata. Wazee wa hapa husimulia kwamba benki ya kwanza ya Eldoret, mwaka 1912, ilijengwa hivyo hivyo: sefu ilianguka kutoka kwenye mkokoteni, ikawa nzito hainyanyuki, wakajenga kuta kuizunguka. Wengine walijenga kuzunguka pesa. Mimi ndiyo hii.

Kisha likaja la ukuta. Fundi alikuwa akitafuta pa kupitishia bomba, akagonga lipu ya chini kabisa, nje, upande wa kichochoro. Ikalia tupu. Akabandua. Ndani kulikuwa na tundu la mraba, kama sentimita 40 kila upande, limezibwa kwa matofali ambayo si ya rangi ya jengo, na bawaba moja ya chuma iliyooza imebaki jiweni. Kijana wa mkono akasema ni mlango wa mbwa. Fundi akasema ni pa kufichia pesa, na nikaona macho yake yakichangamka.

Mzee mwenye jengo alikuja na mkongojo wake, akatazama, akacheka hadi akakohoa. Ni mlango wa ndoo. Kabla ya mabomba ya maji taka, miji yetu ilikuwa na vyoo vya ndoo. Mtu anakaa juu ya ubao ndani. Chini ya ubao kuna ndoo. Usiku anapita mfanyakazi wa mji kwenye kichochoro, anafungua kijilango kutoka nje, anavuta ndoo iliyojaa, anasukuma tupu, anafunga. Ndiyo maana mitaa ya zamani ina vichochoro hivi vya nyuma. Miaka yote hii nilidhani ni vya kutupia taka, kuuzia chipsi na kuvunjiana ahadi za ndoa. Kumbe wapimaji waliviacha kwa ajili ya ndoo. Jengo zima lilipangwa kwa kuigeuzia kazi hiyo mgongo: mbele kioo na jina la duka, nyuma mlango wa sentimita 40 usiofunguliwa mchana.

Nikamuuliza mzee kama aliwahi kumwona huyo mtu wa ndoo. Akasema walipokuwa watoto walikuwa wakisikia magurudumu tu, wanafunika kichwa. Uso wake hawakuujua, jina lake hawakuliuliza.

Bomba langu linapita katika tundu hilo hilo. Fundi kafurahi, hana haja ya kuvunja jiwe.

Jumanne, 11 Februari

Ugomvi wa simiti. Mzee anasema choo ni cha hoteli, nilipe. Nasema siku nikihama sitakibeba mgongoni, kinabaki kwake, alipe. Amekubali theluthi, ikatwe kwenye kodi. Nimeandikisha.

Jumatano, 19 Februari

Ukuta wa pili umesimama. Jiko nyuma kulia, vyoo nyuma kushoto, na katikati ilibidi kuchonga kijia chenye milango miwili, ili mtu akitoka chooni akutane kwanza na sinki, kisha mlango, ndipo aone sahani. Kijia kimekula meza moja. Upana wa vyoo umekula nyingine. Sasa ni meza sita. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi nikapiga hesabu ya meza mbili kwa siku 26 za mwezi, nikaona ni afadhali nisimalize ile hesabu.

Fundi kachimba pia kinasa mafuta, shimo dogo la maji ya sinki za jikoni, peke yake, kabla hayajaungana na mengine menholi. Kwa baridi ya Eldoret, mita 2,100 juu ya bahari, mafuta ya kukaangia yakiingia bombani usiku yanaganda kama ya mbuzi kwenye sahani. Ananiambia nitalisafisha kila wiki. Nimemwuliza "nani, mimi?" Akanitazama.

Jumamosi, 1 Machi

Redioni wanasema kanuni mpya za taifa za ujenzi, zile za 2024, zimeanza kutumika leo, na zile za 1968 zimestaafu. Nimemuuliza fundi bomba letu liko chini ya sheria ipi, maana tulilifukia Jumatano. Akasema muhimu ni liko chini ya simiti.

Lakini nimewaza. Miaka 57 tumejenga kwa kitabu kimoja. Kilikuta watu wakipiga simu za kuzungusha kidole, kikaacha Eldoret ikiwa jiji, tangu 15 Agosti mwaka jana. Siku ile tulipopewa hadhi nilikuwa bado kibandani, honi zinapigwa, nami nimebanwa tangu saa nne asubuhi.

Na Katiba ya 2010 je? Leseni za wauza chakula ni kazi ya kaunti, imeandikwa katika Jedwali la Nne. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango cha kuridhisha. Kila mtu. Kifungu hakisemi kila mteja.

Jumapili, 9 Machi

Dada kapiga simu kutoka Chicago. Anafanya kazi ya uuguzi huko, usiku wake ni mchana wangu. Nikamweleza habari za vyoo, akaniambia kwamba jimbo lao, Illinois, lina sheria iliyozaliwa kwa sababu ya msichana wa miaka 14, Ally Bain, mwenye ugonjwa wa matumbo uitwao Crohn. Alikuwa dukani na mama yake, akashikwa ghafla, wakamkatalia choo cha wafanyakazi. Walikwenda kwa mbunge wao, na mwaka 2005 ikapitishwa: mwenye maradhi ya namna hiyo asikataliwe choo cha dukani, hata kama ni cha wafanyakazi, mradi njia ni salama. Majimbo mengine yakaiga.

"Wewe utamkatalia nani?" dada akaniuliza.

Nilikuwa na jibu tayari, nalo nimeshamwagiza mchoraji: VYOO NI VYA WATEJA PEKEE. Lakini mteja ni nani? Nimefundisha neno hili, na bado sina jibu. Wakenya wengi wanamjua mteja kwa sauti ya yule mwanamke wa kwenye simu, mteja ambaye kila mara hapatikani. Aliyekunywa chai jana na leo anapita tu, ni mteja? Mtoto wa mteja? Mwanamke wa managu anayeketi nje ya mlango wangu tangu jengo likiwa la mitumba, ambaye hawezi kuacha mboga zake akaenda steji? Yeye hanunui chai yangu. Anakuja na chupa yake ya mursik.

Nilipokuwa na kibanda, mimi sikuwa mteja wa mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi wa simu wa mtaa wa pili anatumia kiti cha magurudumu. Kapita kutazama ujenzi, akasimama, yaani kiti kikasimama, mbele ya mlango wa choo uliokwisha kuegemezwa ukutani. Sentimita 70. Akatoa futi mfukoni mwake mwenyewe. Kiti chake ni 66 kutoka ukingo hadi ukingo. "Nitaingia," akasema, "lakini vidole vyangu vitabaki nje." Maana anayesukuma magurudumu hushika kwa nje, na ngozi ya vidole ndiyo inayolipa kila mlango mwembamba. Alinionyesha vifundo vyake. Ni kama vya mwashi.

Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilitaka majengo ya umma yafikike. Mimi sikuisoma. Nilisoma ya harufu tu. Mlango umerudishwa dukani, nimeongeza pesa, wa 90 unakuja. Choo cha wanawake ndicho chenye nafasi ya kiti kugeuka. Kitakuwa cha wanawake na cha yeyote mwenye kiti. Madam aseme atakalosema.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua imeanza, na mfereji umekauka. Ndiyo kawaida. Mgao wa maji hauangalii mawingu.

Hesabu: tangi la zamani la choo linamwaga lita tisa kwa mvuto mmoja. Watu 80 kwa siku, lita 720. Tanki langu la juu ni la lita 1,000, na bado sijaosha sahani moja. Nimebadilisha, nimechukua vya lita sita: 480. Vina vitufe viwili, kidogo na kikubwa, na najua watu watabonyeza vyote viwili kwa pamoja. Nimenunua pipa la kukinga mvua ya paa, likae nyuma kwa ajili ya vyoo peke yake.

Jumanne, 8 Aprili

Mchoraji wa mabango amekuja. Nilikuwa nimefikiria sana neno. "Maliwato" ni neno la darasani, wanafunzi wangu walilijua kwa mtihani tu. "Msala" ni tamu, lakini hapa Eldoret mtu atadhani ni kiungo cha pilau kilichokosewa herufi. Nikasema andika CHOO, basi. Nikaenda kununua vitunguu. Nilivyorudi, mlango wa wanaume ulikuwa umeandikwa kwa bluu safi, herufi nzuri zenye kivuli: CHEO. Vijana wa mkono walikuwa wameshaanza kuulizana nani amepandishwa.

Kile kibao kingine, cha wateja pekee, nilikuta hajakianza. Nikamwambia aache. Amelipwa nusu yake hata hivyo.

Jumatano, 16 Aprili

Madam amekuja saa nne. Kweli alianza na choo. Alivuta maji mara mbili kwa kila kimoja, akapitisha karatasi chini ya tundu la hewa ikapepea, akafungua bomba la sinki akahesabu kimoyomoyo, akanusa sabuni. Alifunga milango miwili ya kijia, akasimama jikoni, akavuta pumzi. Nami nilikuwa nimeshika yangu.

Kuhusu mlango wa 90 hakusema kitu, ila alirudi kuupima mara ya pili na kuandika. Kuhusu tangazo la kunawa: lipo, lakini nimelibandika ndani ya mlango, ukiwa umekaa ndipo unalisoma. Anataka pia juu ya sinki. Mlango wa jiko ujifunge wenyewe, nitie springi. Basi.

Alipokuwa akifunga faili nilimwambia, sijui kwa nini, kwamba nilikuwa na kibanda pale steji miaka minne na nusu. "Nakujua," akasema. "Nilikuwa nakula kwako." Akaondoka. Nimebaki nikipekua kichwani siku za mtungi kuisha, nikitafuta sura yake.

Jumanne, 22 Aprili

Tumefungua. Redio ilikuwa juu ya kaunta inazungumza habari za Papa Fransisko aliyefariki jana, kwa hiyo watu waliingia kwa sauti ya chini kama kanisani, wakaagiza chai na mandazi kwa kunong'ona. Mtu wa kwanza kuingia hakuagiza chochote. Ni dereva wa matatu ya Kapsabet. "Mama, samahani, choo?" Nilinyoosha kidole, na safari hii niligeuza shingo.

Yule wa managu nilimwendea mwenyewe. Nikamwambia, "Kogo, kuna choo ndani, nitakutazamia mboga." Aliniuliza ni bei gani. Nikasema si ya pesa. Akanitazama kama mtu anayetafuta tundu kwenye shilingi. Hakwenda. Jioni, meza zikiwa tupu, nilimwona akipita pembeni mwa ukuta, kikapu mkononi, mboga zote ndani.

Alhamisi, 24 Aprili

Jana vikombe 58 vya chai. Najua kwa sababu nimehesabu risiti. Chooni mara 71. Hilo najua kwa sababu kijana wa kaunta amekuwa akichora mistari ya mkaa ukutani, karibu na hesabu ya fundi ya 1 kwa 40, tano tano, kwa akili yake mwenyewe, akitaka kunionyesha tunavyoibiwa. "Kumi na watatu si wetu, mathe. Na wengine wanavuta kile kitufe kikubwa."

Nimemwambia afute. Amefuta kwa kitambaa kibichi, ukuta umebaki na wingu la kijivu. Leo jioni nimekuta mistari mipya nyuma ya mlango wa jiko, ule ambao springi inaufanya ujifunge wenyewe, na chini yake ameandika: sabuni 3.